Mara Moja ni Kulia

Mkamwana alikikalia kiti cha dereva kama mtu aliyekalia yai. Mguu wa kulia juu ya breki, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele kwenye ukuta ambao haukuwa na chochote cha kutazamwa. Gari halikuwa likienda popote. Lilikuwa juu ya shimo la gereji, injini inanguruma, na baba mkwe wake, fundi wa magari, alikuwa chini yake, miguu imesimama ndani ya shimo na kichwa katikati ya vyuma.

Hakujua kuendesha, tuelewane mapema. Yeye alikuwa mshonaji, na mashine yake ya kushonea ilikuwa pale barazani, imefunikwa kanga. Dereva wa nyumba hiyo alikuwa mume wake, na mume wake alikuwa njiani na lori lake, nchi ya tatu huko. Basi fundi akikosa mtu wa kumshikia usukani, mkamwana huitwa. Wenye ulimi pale mtaani walimwita Dereva wa Palepale, na yeye alicheka pamoja nao, ila kila alipoingia ndani ya gari na kujua kwamba mtu mzima yuko chini ya makalio yake, kijasho chembamba kilimtoka. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani? Mama mkwe angesema anakwepa kazi.

Kazi ilikuwa hii. Fundi hukaa shimoni, hushika jointi moja moja za usukani na za miguu ya gari kwa kiganja, na mtu wa juu huzungusha usukani kulia na kushoto. Jointi nzima hukaa kimya mkononi. Jointi iliyolika hurukaruka. Hakuna mashine inayoshinda kiganja, ndivyo alivyoamini fundi, na kiganja chake alikitunza kuliko alivyoyatunza meno yake, ambayo mengi yalishaondoka.

Shida ilikuwa kuambiana. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na watengeneza mageti, na mashine yao ya kukatia chuma ilianza kulia asubuhi watu hawajamaliza chai. Ungeweza kupiga mayowe ukafa na usisikike hatua mbili. Na hata pasingekuwa na mageti, hawa wawili wasingepigiana kelele. Fundi angeanzaje kumfokea mke wa mwanawe kama anayemfokea kuli? Naye mkamwana angeanzaje kuinamisha kichwa dirishani na kuuliza, "Baba, vipi huko chini?" Walikuwa wanaheshimiana mpaka inachosha. Walisalimiana asubuhi, wakaagana jioni, na katikati walizungumza kupitia mama mkwe, ambaye alipenda kupeleka maneno na alipenda zaidi kuyaongezea chumvi.

Kwa hiyo fundi alibuni kugonga. Alichukua spana, akagonga fremu ya gari chini ya kiti cha dereva, na mlio ukapanda moja kwa moja mpaka kwenye nyayo za mkamwana. Mara moja ni kulia. Mara mbili ni kushoto. Mara tatu ni simama, usiguse kitu. Lugha nzima ilikuwa na maneno matatu, na kwa maneno hayo walishamaliza magari mengi bila kukwaruzana.

Palikuwa na sharti moja, na hilo alilisema kwa mdomo wake, siku ya kwanza kabisa, akiwa anaangalia pembeni.

"Mwanangu, ukisikia umekosea, usirudishe kwa kubahatisha. Subiri nigonge."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa na mwenzangu zamani. Aliyekuwa juu alizungusha vibaya, mkono mmoja ukabanwa. Yule bwana akaingiza mkono wa pili ajikwamue. Wa juu akapata hofu, akarudisha haraka. Basi."

Hakumaliza, wala mkamwana hakuuliza basi nini. Alilibeba neno hilo kifuani tangu siku hiyo, na lilikuwa zito.

Gari la asubuhi hiyo lilikuwa la mwalimu. Lilishakuja mara ya kwanza likigonga mbele kushoto, ko, ko, kila lilipopita shimo la barabara. Fundi akabadilisha kichwa cha tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu lipinde, akampa mwalimu gari lake, na kesho yake mwalimu akalirudisha akitabasamu kwa upole. Afadhali angetukana. Gari lilikuwa linagonga vilevile. Fundi hakulala vizuri, maana fundi gani anabadilisha tairodi na mlio ukabaki? Asubuhi akaingia shimoni kabla ya kunywa chai, uso umekunjamana, amedhamiria kuifukua ile jointi mbovu popote ilipojificha.

Jambo jingine, breki ya mkono ya gari hilo ilikuwa imekufa, na uwanja ulikuwa na mteremko kuelekea getini. Kwa kawaida magurudumu ya nyuma huwekewa vigogo vya mbao. Vigogo vilikuwa chumbani kwa mama mkwe, ameviazima kuinulia kabati lisiloweshwe na maji ya kudeki, na kumwomba mama mkwe arudishe kitu alichoazima ni safari ya siku nzima.

"Mguu wako utatosha," fundi alisema akishuka. "Usiutoe tu kwenye breki."

"Siutoi, baba."

Wakaanza. Mara moja, akazungusha kulia. Mara mbili, kushoto. Mara moja tena. Usukani ulikuwa mwepesi kwa sababu injini iliusaidia, na mkamwana aliusikia mlio wa gari wenyewe ukija kwa chini, ko, mahali fulani mbele ya miguu yake, kila alipovuka katikati. Akajua baba anausaka huo. Kisha zikaja tatu, wazi kabisa, na akasimama. Usukani ulikuwa karibu na katikati. Akatulia, mikono imeganda, akitazama ukuta.

Palikuwa na ufa ukutani uliofanana na barabara ya milimani. Aliutazama huo. Mashine ya jirani ililia, ikanyamaza kidogo, ikalia tena.

Ko.

Mara moja ni kulia. Mkono wake ulitii kabla hajafikiri, kama mguu unavyotii kwenye cherehani. Akazungusha kulia, na usukani ukaenda, ukaenda, halafu ukakataa.

Ukakataa mapema. Aliujua mwisho wa usukani ule, maana alishaufikia asubuhi hiyo mara kadhaa, na ulikuwa mbele zaidi. Tena mwisho wa kweli ulikuwa mgumu, chuma kwa chuma. Huu ulikuwa na ulaini ndani yake.

Akaacha kuzungusha, lakini hakuachia. Ndipo akili yake, iliyokuwa nyuma ya mikono yake, ikafika. Ile ko haikupanda kwenye nyayo. Ilikuja kupitia usukani, ikaingia kwenye viganja. Spana ya baba hugonga chini ya kiti na hulia kama kengele. Ile haikulia. Ilikuwa sauti ya jointi mbovu, baba aliitia mtaimbo kuipima, nayo ikaruka ikagonga. Gari lilikuwa limemwambia azungushe kulia, naye akalitii.

"Baba," alisema. Sauti haikutoka.

"Baba!"

Mashine ya jirani ikameza neno. Akangoja kugongwa. Hakuna. Akasikiliza kwa nyayo, kwa makalio, kwa mgongo, akasikiliza kwa mwili mzima. Injini tu, ikitetemesha kiti. Aliogopa jinsi ambavyo hakuwahi kuogopa, hata siku alipojifungua peke yake na mkunga yuko njiani. Siku ile aliogopa kitu kinachokuja. Leo alikuwa amekishika mwenyewe mikononi, na hakujua ni nini.

Rudisha, mwili ulimwambia. Ni jambo la wazi. Umebana kwa kulia, fungua kwa kushoto, hata mtoto angejua. Viganja vikaanza kuvuta kushoto, na hapo neno la fundi likamkaba. Yule bwana akaingiza mkono wa pili. Wa juu akarudisha. Basi.

Akasimama. Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kulifuta.

Atoke atazame? Mguu ukitoka kwenye breki, gari litateremka na baba ameshikwa ndani ya vyuma vyake, litamburuta. Azime injini? Fundi alimwambia siku moja kwamba injini ikizima breki huwa ngumu, na yeye mguu wake tayari ulikuwa unacheza ngoma isiyokuwa na mpigaji. Hakujua kuingiza gia. Alijua vitu vitatu tu ndani ya gari lile, na vyote vitatu alikuwa amevishika.

Akabaki na honi. Akaibonyeza kwa paji la uso, maana mikono ilikuwa na kazi. Ikalia. Akaiacha ilie.

Mama mkwe alitokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi, uso umejaa maneno.

"Wee! Unampigia baba yako honi? Yeye ni mbuzi, amekuzuilia njia?"

"Mama! Chungulia chini!"

"Nini?"

"Chini! Mchungulie baba!"

Mama mkwe alikuja bila haraka, akiendelea kusema kitu kuhusu mabinti wa siku hizi, akapiga magoti kwa shida upande wa gurudumu la kushoto, akainamisha kichwa. Mkamwana aliuona mgongo wake tu. Akauona mgongo ule ukikauka.

Alipoinuka mwiko haukuwepo.

"Mkono," alisema. Mkamwana hakusikia, aliusoma mdomo. "Mkono wake! Umemshika mkono!"

"Upi? Mmoja au yote? Mama, mikono yote imo?"

"Damu! Nimeona damu!"

"Mama, muulize nizungushe wapi! Leta mawe uweke nyuma ya gurudumu! Mama!"

Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kuulizwa tena. Alishika kichwa, akazunguka palepale mara moja, kisha akakimbia kuelekea getini, kwa watengeneza mageti, kanga ikimvuka nyuma, akilia jina la mume wake ambalo mkamwana hakuwahi kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba ile. Hilo lilimtisha kuliko damu.

Akabaki peke yake na baba mkwe, yeye juu na mzee chini.

Alijaribu kufikiri. Jointi hugonga ikisukumwa. Yeye mwenyewe anatetemeka, na mikono inayotetemeka inausukuma usukani kidogo kidogo. Kwa hiyo hata baba akigonga sasa, kwa ngumi, kwa ukucha, kwa chochote, yeye hawezi kutofautisha kugonga kwa baba na kugonga kwa gari. Lazima kitu kimoja kinyamaze. Mikono ilikuwa haitaki kunyamaza. Basi lazima iachie.

Nayo kuachia aliiogopa. Usukani uliopindwa gari likiwa limesimama hurudi wenyewe kidogo ukiuachia, alishauona ukifanya hivyo. Utarudi kushoto. Kidogo, lakini utarudi, na fundi alisema usirudishe. Je, kidogo ni kurudisha? Nani wa kumwuliza? Alikuwa analia sasa, machozi na jasho havitofautiki, na mdomoni alikuwa anasema, nisamehe baba, nisamehe baba, nisamehe.

Akaachia. Hakufungua vidole vyote kwa pamoja, alivifungua kimoja kimoja, mpaka viganja vikawa hewani pembeni ya usukani, vimekunjuka kama vya mtu anayeota moto.

Usukani ukarudi kidogo, ukatulia.

Ko. Ko.

Mara mbili.

Mkono ulikuwa hauko kwenye usukani. Hakuwa amegusa kitu. Basi huyu ni baba! Baba yu hai, baba amegonga, baba anasema kushoto! Moyo ulimpanda mpaka masikioni. Akaushika usukani akazungusha kushoto kwa mikono miwili, haraka, mpaka katikati na kupita katikati, na safari hii haukukataa mahali popote, ulikuwa mwepesi kama wa gari zima.

Hapohapo mashine ya jirani ikazimwa. Kimya kilichoingia uwanjani kilikuwa kikubwa mno, na ndani yake akasikia mtu akivuta pumzi chini ya sakafu, pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kisha sauti ya fundi, dhaifu:

"Zima. Kanyaga breki, zima."

Akakanyaga kwa miguu miwili, akazima.

Watengeneza mageti waliingia wakikimbia na mama mkwe mbele yao. Mmoja akatupa matofali nyuma ya magurudumu, wengine wakashuka shimoni, wakampandisha fundi kwa kumshika mabega. Mkamwana alipoambiwa sasa toa mguu, haukutoka, na mtu mmoja aliingiza mkono akauinua kama anayeinua mguu wa kitanda. Akashuka. Akakaa chini kwenye udongo wenye mafuta na nguo yake ya kutokea.

Mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa umefungwa kanga ya mama mkwe, na kanga ilikuwa inabadilika rangi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Aliushika mbele yake, akaufungua na kuufunga, akiutazama kwa mshangao, kana kwamba ameuokota.

"Vidole viwili hivi havitanifaa tena," alisema kwa utulivu. "Vingine vipo."

Mama mkwe alikuwa ameshapata sauti yake, naye hakuwa mtu wa kuiacha ilale. Aliwaeleza watengeneza mageti jinsi alivyoona, jinsi alivyojua, jinsi alivyokimbia, kisha akamkumbatia mkamwana palepale chini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, hata siku ya harusi. Halafu akatoka na vijana wa mageti kwenda kulitoa gari la jirani liwapeleke hospitali. Wakabaki wawili. Fundi alikaa juu ya tairi kuukuu, uso umekuwa wa majivu.

"Baba, nisamehe. Nilisikia mara moja, nikadhani ni wewe."

"Niliitia mtaimbo, ikagonga. Nikajua umesikia. Nikajua hapohapo." Akameza mate. "Hukurudisha."

"Ulisema nisirudishe."

"Mkono huu wa kulia niliuingiza ng'ambo nijikwamue. Ulikuwa umekaa pale vibaya, hautoki. Ungerudisha, ungeondoka wote. Ulipoachia, vyuma vikalegea kidogo, nikauchomoa. Nimeuchomoa tu, ukazungusha."

Mkamwana alianza kulia upya, lakini hiki kilikuwa kilio chepesi. "Nilikusikia ulivyogonga. Mara mbili. Nilikuwa nimeachia usukani ili nikusikie."

Fundi alitazama gari, akatazama shimo, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu bibi harusi huyu alipoingia nyumbani kwake. Alimtazama machoni.

"Mwanangu, mimi sikugonga."

"Nilisikia, baba."

"Hata mimi nilisikia."

Mkamwana hakuelewa. Kisha akaelewa. Usukani ulirudi wenyewe, jointi ikaruka. Ikaruka mara mbili. Jointi ileile, iliyosema mara moja na akatii, ilisema mara mbili na akatii.

"Na ingegonga mara moja?" alinong'ona.

Fundi aliufunga na kuufungua mkono wake mzima.

"Nilikuwa nasikiliza," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza itagonga mara ngapi."

Gari la jirani likaingia kinyumenyume. Wakampakia fundi kiti cha nyuma, mkamwana upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, mkono uliofungwa katikati yao juu ya mto. Walipotoka barabarani mama mkwe alijifuta macho, akamwinamia mkamwana juu ya mapaja ya mumewe.

"Ila wewe binti una masikio! Ulijuaje uzungushe kushoto, mimi nimekimbia, hakuna wa kukuambia?"

Mkamwana alifungua mdomo. Bega la mzee, lililobanana na lake, lilikuwa linatetemeka, na halikuwa likitetemeka kwa sababu ya barabara.

"Baba aligonga, mama," alisema.

"Eh, Mungu mkubwa," mama mkwe akasema, akampapasa mume wake goti. "Hata kwenye maumivu hukumsahau mtoto."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akageuza uso upande wa dirisha.